Ukija Unguja kwa Kombe la Mapinduzi, Lala Ng'ambo



Kila Januari ikikaribia, kaskazi ikishaanza kuvuma na maembe yamejaa barabarani, swali ni lile lile kutoka Dar es Salaam, Tanga, Morogoro, hata Mombasa na Kampala: tunakuja kwenye Kombe la Mapinduzi, tufikie wapi? Na jibu analopewa mtu wa mpira mara nyingi ni lile analopewa mtalii. Tafuta chumba Mji Mkongwe, usiku kula Forodhani, kesho panda mashua ukaone kobe. Si mabaya hayo, nami nitayagusa. Lakini jioni ya leo nazungumza na yule aliyejikusanyia nauli ya boti na kiingilio cha uwanjani, mwenye jezi moja begani na siku chache za ruhusa kazini. Huyo nina ushauri mmoja kwake, na nausema kwa moyo wangu wote: lala Ng'ambo, kula Ng'ambo, tembea Ng'ambo. Mji Mkongwe uende mchana kutembea, kisha urudi nyumbani.

Kwa asiyeujua mji, nieleze kidogo. Zamani mji wa Unguja ulikatwa na mkono wa bahari. Upande wa bandari palikuwa na majumba ya mawe ya masultani, mabalozi na matajiri wa karafuu. Upande wa pili wa maji, ndio Ng'ambo, waliishi mafundi, wachukuzi, wavuvi, watumwa walioachwa huru na kila aliyekuja kutafuta riziki, katika nyumba za udongo na makuti. Enzi za ukoloni maji yale yalifukiwa kidogo kidogo, na palipopita mashua leo pana barabara yenye foleni ya magari. Mwaka 2000 Mji Mkongwe ukaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO, na tangu hapo kila kamera imeelekezwa huko. Watu wengi wa mji, lakini, wako upande huu wa pili. Mpira nao uko upande huu.

Uwanja wa Amaan umekaa katikati ya mitaa ya Ng'ambo. Ulijengwa kwa msaada wa China ukafunguliwa mwaka 1970, na mwishoni mwa Disemba 2023 ukafunguliwa upya baada ya ukarabati mkubwa, ukaitwa New Amaan Complex. Tangu siku ile haujapumzika. Januari 13, 2024 Mlandege, timu ya hapa hapa mjini, iliifunga Simba bao 1-0 katika fainali ya Mapinduzi na kulibakisha kombe nyumbani kwa mwaka wa pili mfululizo. Mei 25, 2025 Simba ikarudi hapo hapo kucheza mechi ya marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Miezi mitatu baadaye, Agosti, zikaja Senegal, Nigeria, Sudan na Congo kwa michuano ya CHAN, na Sudan ikaichapa Nigeria mabao 4-0 mbele ya watu wetu. Uwanja wa namna hiyo unastahili mashabiki wanaolala karibu nao.

Kinachoamua pa kulala ni ratiba. Aghalabu siku ya mechi mbili, ya kwanza huanza saa 10:15 jioni na ya pili saa 2:15 usiku. Hesabu mwenyewe. Mechi ya usiku inamalizika baada ya saa nne, na ikiingia kwenye penalti ni karibu saa tano. Boti za kasi za kurudi Dar zimeshaondoka zamani. Daladala zimepungua, madereva wengi wameshalaza magari. Aliyechukua chumba Nungwi kwa sababu aliona picha ya bahari ana safari ya karibu kilomita 60 usiku, na hapo ndipo dereva wa teksi anapotaja bei anayotaka, maana anajua huna njia nyingine. Wapo niliowaona wakitoka uwanjani dakika ya 70 kuwahi gari. Umevuka bahari kuja kuangalia mpira, halafu unaukimbia mpira!

Ukilala Amani yenyewe, au Sebleni, au Mikunguni, au hata Michenzani, unarudi kwa miguu. Filimbi ya mwisho ikilia unatoka na umati, unabishana njia nzima kuhusu ile penalti, unasimama kununua maji, unafika. Michenzani hadi uwanjani ni mwendo usiofika nusu saa kwa mtu mzima wa miguu. Mpendae na Magomeni pia hazina shida, bodaboda anakufikisha kwa bei ya kueleweka. Huku utakuta gesti na nyumba ndogo za wageni zinazotaja bei kwa shilingi. Hilo nalisisitiza, kwa sababu Januari ni msimu mkubwa wa watalii, na upande wa Mji Mkongwe mashabiki wamewahi kutajiwa bei ya dola kwenye kaunta ya hoteli, wakaondoka na mabegi yao usiku kutafuta pengine. Mtu wa Temeke kuulizwa dola na mtu wa Unguja, wote raia wa nchi moja, ni jambo linaloniuma.

Kabla ya kulipa, kagua chumba. Januari ni joto, joto la kweli, lenye unyevu. Kwa hiyo washa feni uone inazunguka vipi, na tazama kama dirisha linafunguka kupitisha upepo wa kaskazi. Neti iwe nzima. Uliza tangi la maji, maana siku ambayo maji ya bomba hayaji ni tangi litakalokuokoa wewe na wenzako wanne mliotoka uwanjani mmelowa jasho. Kitambulisho uwe nacho, utakihitaji kwenye boti na kwenye gesti. Mume na mke wachukue nakala ya cheti cha ndoa. Zipo nyumba zinazouliza, na anayeuliza hakudharau, ndivyo mji ulivyo.

Wanaokuja kwa tawi, watu kumi, kumi na tano, wasihangaike na vyumba kimoja kimoja. Wakodi nyumba nzima ya mtaani kwa siku tatu nne. Mtu mmoja atangulie siku mbili kabla, azungumze na mwenye nyumba uso kwa uso. Na wenye jamaa huku wafikie kwa jamaa zao bila haya. Ukija kwa jamaa kutoka Bara, begi lako lisije tupu: mchele wa Mbeya, vitunguu, viazi mbatata, vitu hivyo huku tunavinunua kwa bei ya kuvushwa bahari. Shangazi atakupokea kwa furaha hata ukija mikono mitupu, lakini mchele huo ndio utakaopikwa siku ya fainali.

Bandarini Malindi, ukishuka tu, watakuja vijana tunaowaita papasi. Watakuchukulia begi, watakuambia hoteli unayoitafuta imejaa, watakupeleka kwenye nyingine yenye kamisheni yao. Wanatafuta riziki kama watu wengine. Waitikie salamu kwa heshima, sema umeshapata mwenyeji, shika njia. Amani ni kama kilomita tatu tu kutoka pale.

Sasa tuje kwenye chakula, ambako nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo Ng'ambo inapowashinda wote.

Asubuhi usisubiri chai ya gesti. Toka nje. Utamkuta mama ameweka meza ya vitumbua na chapati, na pembeni sufuria ya mbaazi za nazi. Boflo la asubuhi likiwa bado na moto, ukilichovya kwenye mchuzi wa mbaazi, unaweza kusahau kama mechi ni jioni. Ukipenda kizito, tafuta supu na mkate wa ajemi. Chai yenyewe ina iliki au tangawizi, na ukisema unataka bila sukari utatazamwa kidogo, kisha utapewa.

Mchana katika joto lile watu wengi hawali sana, lakini anayekula ale wali wa nazi na samaki. Changu wa mchuzi, au kibua wa kukaanga wenye ndimu na pilipili, na mchicha pembeni. Ukiamka mapema unaweza kushuka hadi diko la Malindi kuona samaki huyo huyo akipigiwa mnada, ndoo kwa ndoo, wanunuzi wakiitana majina. Na kwa kuwa ni Januari, nunua maembe. Chagua boribo lililoiva, liweke kwenye maji baridi, lile saa nane mchana kivulini. Siku hizo bei yake ni ndogo.

Alasiri, kabla ya kuingia uwanjani, ni saa ya urojo. Huko Bara umeuona ukiitwa Zanzibar mix, na wengine wameuharibu kwa kuujaza unga hadi ukawa uji. Tazama unavyotengenezwa hapa mbele yako. Kwanza bakuli. Mama anaweka viazi vya kuchemsha vilivyokatwa, anaongeza bajia za dengu na kachori moja anayoivunja kwa kijiko. Kisha anachota urojo wenyewe kutoka kwenye sufuria, mchuzi mwepesi wa rangi ya manjano, mkali kidogo kwa embe bichi au ndimu, anaumwagia juu mpaka vitu vielee. Mishkaki miwili anaivua kwenye kijiti humo humo. Juu yake chatne ya nazi, pilipili anakuuliza kwanza, halafu anamalizia kwa kiganja cha chipsi nyembamba za muhogo zinazolia mdomoni. Kula haraka kabla chipsi hazijalowa. Bakuli moja linakuchukua hadi mapumziko ya mechi ya pili, na bei yake haikuachi ukijuta.

Uliza wenyeji ni meza ipi, maana kila mtaa una mama wake, na watu wa Mikunguni watakwambia wao, wa Jang'ombe watakwambia wao, na mabishano hayo ni matamu kuliko ya Simba na Yanga. Sitataja jina hewani. Nikimtaja mmoja sitaweza kupita mitaa mingine.

Usiku baada ya mechi kuna pweza. Mwanaume ana meza ndogo, taa, ubao na kisu. Pweza ameshachemshwa, mikono yake imelala ubaoni. Unaonyesha kiasi cha fedha ulichonacho, anakata vipande vidogo vidogo upesi upesi, anatia chumvi, ndimu, pilipili, anakupa kijiti, kisha kikombe cha supu yake. Watu wanasimama duara pale, jezi za timu zote mbili, na ndipo mechi inapochezwa mara ya pili. Ukitaka kuketi, nenda barazani kwa muuza kahawa. Kahawa chungu kutoka kwenye dele, kikombe kidogo, kashata ya karanga au kipande cha halua. Hapo utawakuta wazee waliokuwa uwanjani tangu enzi za nyasi za zamani. Wasikilize. Watakueleza mwaka 1995, Zanzibar Heroes ilipochukua ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati kule Uganda, kwa namna ambayo hakuna kitabu kilichoandika. Watakueleza pia, kwa sauti ya chini zaidi, kuhusu Machi 2017, Zanzibar ilipopewa uanachama wa CAF, na Julai ya mwaka huo huo ikavuliwa. Ukitaka kujua kwa nini Kombe la Mapinduzi lina uzito kwetu kuliko bonanza la kujiandaa na ligi, kama lilivyo kwa baadhi ya makocha wa Bara, kaa barazani pale nusu saa.

Forodhani je? Nenda mara moja, upate upepo wa bahari na uone taa za jahazi. Vyakula vya pale vimepangwa kupendeza macho ya mgeni, na bei imepangwa hivyo hivyo. Uliza bei kabla kijiti hakijaingia kwenye moto.

Kutembea sasa. Shabiki wa mpira ana njia yake ya kuujua mji huu ambayo mtalii hana: afuate majina ya timu. Timu zetu nyingi ni mitaa. Mlandege waliomfunga Simba ni mtaa wa maduka karibu na Darajani. Pita pale mchana, ununue kikoi, uwapongeze. Malindi ni pale pale uliposhukia boti. Miembeni, mabingwa wa Mapinduzi mwaka 2009, ni mtaa. Jang'ombe umetoa timu mbili, Jang'ombe Boys na Taifa ya Jang'ombe, na mwaka 2017 zote mbili zilicheza Kombe la Mapinduzi. Fikiria mtaa mmoja, mashindano yale yale, na jirani na jirani wanapita bila kusalimiana kwa wiki moja. Kikwajuni nako kuna Uwanja wa Mao Zedong, ambako mechi za ligi yetu huchezwa. Asubuhi ya siku isiyo na mechi Amaan, pitia kule, huenda ukakuta vijana wanacheza na nafasi ya kukaa ipo tele.

Ukitembea hivyo utaiona pia historia ambayo kombe limechukua jina lake. Raha Leo, pale lilipo jengo la redio, ndipo ilipokuwa ngome ya wanamapinduzi Januari 12, 1964, na sauti ya serikali mpya ikasikika kutoka hapo. Michenzani utayaona majumba marefu ya ghorofa yaliyojengwa enzi za Mzee Karume kwa ramani na msaada wa Ujerumani Mashariki, safu kwa safu, yakikutana kwenye mzunguko wa barabara. Na kando yake mnara wa kumbukumbu ya miaka 50 ya Mapinduzi. Kuna watu wanayaona majumba yale mabaya. Mimi siyaoni hivyo. Mwenye nyumba ya makuti aliyehamia ghorofa ya tatu yenye bomba la maji na choo ndani hakuulizwa na mtalii kama linapendeza kwenye picha. Ingia uani kwake jioni, uone watoto wanavyocheza chandimu kati ya majengo, mipaka ya goli ni kandambili mbili. Kisiwandui, hatua chache kutoka hapo, ndiko alikouawa Mzee Karume Aprili 7, 1972, na ndiko alikozikwa.

Tarehe 12 yenyewe jiandae. Usiku wa kuamkia sikukuu fataki hupigwa mjini, na gwaride la kitaifa kwa miaka mingi limefanyika Amaan hapo hapo. Barabara za jirani hufungwa, ukaguzi unakuwa mkali, na gari lako halitapita. Ndiyo maana tena nasema lala karibu: wewe utapita kwa miguu. Fainali kwa kawaida ni kesho yake, tarehe 13.

Tiketi ya uwanjani usiiache mpaka dakika ya mwisho, hasa ikiwa Simba au Yanga iko uwanjani. Majukwaa ya Amaan yana majina yake, Orbit, Urusi, Saa, na bei zinatofautiana. Uliza mwenyeji jua linaangukia upande gani kwa mechi ya saa kumi, usije ukalipia jua la usoni dakika 90. Wanawake huja kwa wingi, vikundi vizima vya wasichana na mama zao. Ijumaa mji husimama kwa sala. Usipige honi wala vuvuzela karibu na msikiti, na usishangae duka likifungwa. Jezi haina tatizo popote, lakini kifua wazi mtaani kwa sababu timu imeshinda ni kukosea adabu katika mji huu, na utaambiwa.

Mji Mkongwe, nilisema nenda mchana. Kwa siku moja, mimi ningechagua sehemu mbili tu. Mkunazini, kanisa la Kianglikana lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na vyumba vilivyo chini ya jengo la jirani. Kila Mtanzania afike pale, akae kimya kidogo. Kisha Ngome Kongwe, kwa sababu iko wazi na ina kivuli. Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Disemba 25, 2020, ndiyo maana halimo katika chaguo langu. Ukiwa na usiku usio na mechi, ulizia mazoezi ya Nadi Ikhwan Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa mwaka 1905 na inapiga hadi leo. Ukisikia fidla zao, utaelewa kwa nini mashabiki wa huku huimba uwanjani kwa mahadhi tofauti na ya Bara.

Nje ya mji nipite haraka. Daladala ya 502 ya Bububu inakupitisha Maruhubi, penye magofu ya kasri la Barghash lililoungua mwaka 1899, na Mtoni, alikozaliwa Bibi Salme, binti wa sultani. Nusu siku inatosha na nauli ni ya mtu wa kawaida. Msitu wa Jozani una kima punju, ambao asili yao ni kisiwa hiki, lakini upangie siku nzima isiyo na mechi. Kobe wa kisiwa cha Changuu walitoka Shelisheli mwaka 1919, watoto huwapenda. Kama hukuja na watoto, hifadhi fedha yako kwa pweza.

Neno langu sasa ni kwa wenyeji wenzangu. Mashindano haya yameleta kwetu KCC ya Kampala, ikachukua kombe mwaka 2014. URA nayo ya Uganda ikachukua mwaka 2016. APR ya Rwanda ilikuja 2024. Nyuma ya kila timu kuna watu waliojinyima kuja. Hatuwezi kuwapandishia bei ya chumba mara mbili kwa sababu ni tarehe 11. Anayeuziwa chumba kwa bei ya haki mwaka huu atarudi na wenzake watano mwakani, na atakula kwa mama yako. Wenye daladala nao nawaomba: magari kumi yakisubiri nje ya Amaan mechi ya usiku ikiisha, ya Bububu, ya Fuoni, ya Uwanja wa Ndege, yatajaa yote kwa dakika chache. Abiria wapo pale, wanasimama gizani. Na wasimamizi wa uwanja: vyoo na maji ya kunywa kwenye majukwaa ya bei ndogo yapewe uangalizi ule ule wa jukwaa kuu. Watu wa Orbit ndio wanaoujaza uwanja.

Jambo la mwisho ni la kuhakikisha kabla ya kukata tiketi yoyote: mashindano yanachezwa wapi? Mwaka 2025 yalipelekwa Pemba, Uwanja wa Gombani, Chake Chake, na waliokuwa wameshalipia vyumba mjini Unguja walipata hasara. Ikiwa ni Pemba, mambo hubadilika. Boti nyingi hushusha Mkoani, na kutoka hapo hadi Chake ni safari ya gari ya kama kilomita 30. Nyumba za wageni ni chache, zinajaa mapema, kwa hiyo piga simu wiki kadhaa kabla. Nafasi ikikosekana Chake, jaribu Wete, ambako utapata na halua nzuri. Usisahau Kidike, kuwaona popo wakubwa wa Pemba wakining'inia mitini mchana kweupe.

Na tiketi ya kurudi ya tarehe 14, iwe umetoka Gombani au Amaan, ikate siku ile ile unayokata ya kuja, kwenye ofisi ya boti yenyewe. Siku hiyo kila mtu anataka kuondoka asubuhi, na baharini kaskazi ikichafuka hata boti ya kasi hucheza. Kula kidogo, kaa sehemu ya chini katikati ya boti, chukua kipande cha tangawizi mkononi.